Je, Wajua? Uvimbe wa Taya wa West Nile na Seli Isiyojua Kusimama

Je, wajua kwamba ipo saratani inayoweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili tu? Mama anaona shavu la mwanawe limevimba kidogo, kama mtoto aliyeficha karanga mdomoni. Baada ya siku chache meno ya nyuma yanaanza kucheza, ingawa si wakati wake wa kung'oka. Wiki nyingine ikipita, uso umepinda na jicho linasukumwa nje. Ugonjwa huo ni limfoma ya Burkitt. Huwapata hasa watoto wadogo, wengi wao wa miaka 4 hadi 7, wavulana zaidi ya wasichana, na mara nyingi hukaa tayani au tumboni.

Sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua juu ya saratani hii ilitoka West Nile, ile pembe ya Uganda inayopakana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande wa pili. Wanafunzi wa Arua na Koboko husoma habari za DNA katika vitabu vyenye picha za maabara za Uingereza na Marekani. Wengi humaliza shule bila kuambiwa kwamba damu ya watoto wa nyumbani kwao ni mojawapo ya misingi ya elimu hiyo. Ndiyo sababu ya makala haya.

Je, wajua kwamba daftari la hospitali ya kijijini liliingia katika historia ya tiba? Nje kidogo ya mji wa Arua, kwenye barabara ya Kampala, iko hospitali ya misheni ya Kuluva. Iliasisiwa na ndugu wawili Waingereza, Ted na Peter Williams, wote madaktari. Ted alikuwa mtu wa kuandika. Mtoto mwenye uvimbe akiletwa, aliandika umri wake, kwao ni wapi, na uvimbe ulionekana lini. Wilaya ya West Nile wakati huo ilikuwa kubwa, ikijumuisha sehemu ambazo leo ni Arua, Koboko, Maracha, Yumbe na Nebbi. Mwaka 1967, Ted Williams akishirikiana na mtakwimu Malcolm Pike na mwenzao mwingine, alichapisha hesabu za wagonjwa wa 1961 hadi 1965. Ziliwashangaza wengi: watoto walioishi karibu walielekea kuugua katika nyakati zilizokaribiana, kana kwamba kitu fulani kilipita katika eneo lao kwa msimu, kisha kikaondoka. Saratani za kawaida hazina tabia hiyo. Ilikuwa ishara kwamba nyuma ya uvimbe huu yamo maambukizi ya aina fulani.

Jina la Burkitt lilitoka kwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland mwenye jicho moja, maana la pili alilipoteza utotoni. Mwaka 1957 akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye alimwona mwingine wa namna ileile Jinja. Mpasuaji mwingine angesema ni bahati mbaya na kuendelea na kazi. Burkitt alianza kuuliza. Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, lililonunuliwa kwa pauni 250, pamoja na Ted Williams wa Kuluva na daktari Mkanada, Cliff Nelson. Ted hakuwa na thamani kwa udaktari wake tu. Alijua pia kutengeneza magari, na kwa barabara za wakati ule jambo hilo halikuwa dogo. Kwa wiki 10 walisafiri kilomita 16,000 hivi hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali baada ya hospitali na picha za wagonjwa mkononi, wakiuliza: mmewahi kumwona mtoto kama huyu?

Majibu yalichora ramani. Karibu na ikweta, nchi za juu zaidi ya mita 1,500 hazikuwa na ugonjwa huu, na sehemu kavu vilevile. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, aliwafahamisha kwamba kimo chenyewe si hoja; hoja ni joto na mvua. Arua iko kwenye mita 1,200 hivi, na mvua zake ni nyingi. Ramani ya uvimbe ililalia juu ya ramani ya mbu.

Sasa tuingie ndani ya seli, maana hapo ndipo penye ajabu yenyewe.

Je, wajua kwamba karibu kila seli yako ina DNA yenye urefu wa mita 2 hivi, iliyokunjwa ndani ya kiini kisichofika hata sehemu ya mia ya milimita? Ni kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana, zikiwa na jozi za herufi za kikemia zipatazo bilioni 3 kutoka kwa baba na kiasi hichohicho kutoka kwa mama. Kabla seli haijagawanyika kuwa mbili, kamba hiyo yote lazima inakiliwe, kila herufi, mara moja tu.

Kazi hiyo hufanywa na protini. Kundi la kwanza, liitwalo ORC, huketi juu ya DNA na kuonyesha pa kuanzia. Kisha protini mbili, CDC6 na CDT1, huleta MCM. Hiyo MCM ni protini sita zilizoshikana duara, kama bangili, na bangili hiyo huvishwa kamba ya DNA. Saa ya kazi ikifika, MCM husonga mbele ikifumua nyuzi, kama msusi anavyofumua nywele za jana kabla ya kusuka upya. Nyuma yake hufuata polimerasi, ambayo ndiyo mwandishi hasa: husoma uzi wa zamani na kujenga mwenzake mpya. Mwandishi huyu angeponyoka kila mara kama asingeshikiliwa na pete nyingine iitwayo PCNA, inayoteleza juu ya DNA kama pete ya pazia kwenye fimbo yake. Ligasi huja mwisho na kuunga vipande.

Kasi ya binadamu hapa si kubwa sana, kama herufi 50 kwa sekunde. Kromosomu namba 1, kubwa kuliko zote, ina jozi za herufi milioni 250 hivi. Kama kazi ingeanzia mahali pamoja tu katikati yake na kwenda pande zote mbili, ingechukua karibu mwezi mzima. Lakini seli huimaliza DNA yote kwa saa 8 hivi, kwa sababu hufungua maelfu kwa maelfu ya vituo vya kuanzia. Makosa? Baada ya polimerasi kujisahihisha na mafundi wengine kupita nyuma yake wakikagua, hubaki takriban kosa moja katika kila herufi bilioni. Sijui karani yeyote duniani mwenye mkono wa namna hiyo.

Lakini maelfu ya vituo huleta hatari yake. Nani anahakikisha kwamba kituo kilichokwisha kufunguliwa hakifunguliwi tena?

Aliyewahi kusimama mpakani Oraba, mbele ya mji wa Koboko, atalielewa jibu upesi. Lori linakuja na bidhaa kuelekea Sudan Kusini. Dereva anashuka na hati zake, zinagongwa muhuri, lori linavuka. Muhuri mmoja, safari moja. Hati zikigongwa mara mbili kwa mzigo uleule, hesabu zote za forodha zimeharibika. Ndani ya seli, kuvishwa ile bangili ya MCM ndiko kugongewa muhuri, na mihuri yote hugongwa kabla kazi ya kunakili haijaanza. Kazi ikianza tu, dirisha hufungwa: CDT1 huharibiwa, na iliyosalia hukamatwa na protini iitwayo geminini. Hakuna muhuri mpya mpaka seli iwe imegawanyika. Geminini ikishindwa, au CDT1 ikizidi, sehemu za DNA hunakiliwa mara mbili, nyuzi hukatika, na seli huanza kubeba kromosomu zilizovurugika. Kromosomu za namna hiyo ni alama inayoonekana katika saratani nyingi.

Je, wajua kwamba virusi vya kwanza kutambuliwa kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu vilipatikana katika uvimbe wa mtoto wa Uganda, na ukungu wa Uingereza ulisaidia? Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kijana mtafiti Tony Epstein alikuwa ameketi akisikiliza. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Desemba 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipomfikia hatimaye, maji yake yalikuwa yamechafuka, kama yaliyoingiwa na bakteria. Mtu aliyechoka mwishoni mwa wiki angekimwaga. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini. Hayakuwa bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe, hai, zikielea moja moja, zimetikiswa na safari mpaka zikaachana. Kutoka hapo ziliweza kukuzwa maabara, na mwanzoni mwa 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake. Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza jambo hilo Machi 1964, na virusi vikaitwa vya Epstein-Barr.

Virusi hivi ndivyo abiria wa kudandia. Unawajua vijana wanaorukia nyuma ya lori linapopanda mlima polepole: hawana mafuta, hawana dereva, wala hawalipi nauli, lakini lori likifika nao wamefika. Ndani ya seli, virusi vya Epstein-Barr vina DNA yao ya duara, herufi 172,000 hivi. Vikishalala ndani ya seli, havitumii mashine yao ya kunakili. Vinatoa protini moja, EBNA1, inayoishika DNA ya virusi mahali maalumu na kuwaita pale ORC na MCM, wafanyakazi wa seli ya binadamu wenyewe. Muhuri wa mwenyeji unagongwa kwenye hati ya mgeni. Seli inaponakili DNA yake, ya virusi nayo hunakiliwa, mara moja kama sheria inavyotaka. Seli inapogawanyika, EBNA1 hiyohiyo huifunga DNA ya virusi kwenye kromosomu, ili kila seli mpya ipate fungu lake. Katika uvimbe wa Burkitt mara nyingi EBNA1 ndiyo protini pekee ya virusi inayotengenezwa, na kinga ya mwili ni nzito kuiona. Ndipo mdandiaji hufika mbali bila kushushwa.

Nitue hapa kidogo niondoe hofu. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wamebeba virusi hivi. Hupita kwa mate, na West Nile watoto wengi huvipata wakiwa bado wachanga. Karibu wote hukaa navyo maisha yao yote bila kudhurika. Saratani yenyewe haiambukizi. Mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt hahitaji kutengwa na ndugu zake, wala sahani yake kuwekwa kando.

Kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha pili, na ndipo mbu wa ile ramani wanaporudi. Malaria humpiga mtoto wa West Nile tena na tena. Kila mara, seli zake B, zinazotengeneza kingamwili, huitwa kazini na kuzaana kwa wingi. Zikiwa kazini hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho ni kama mkasi: hubadili herufi za DNA ya seli makusudi, hata DNA ikakatika, ili kunoa kingamwili. Malaria isipokwisha, mkasi haurudi alani. Majaribio kwa panya yaliyochapishwa 2015 yalionyesha hivyo: malaria ya muda mrefu iliziacha seli B zikizaliana huku AID ikiendelea kukata, na ajali zikaongezeka. Ajali moja ndiyo inayozaa Burkitt. Mara nyingi kipande cha kromosomu namba 8 hukatika na kuungwa kwenye namba 14.

Kwenye kipande hicho mna jeni iitwayo MYC. Hilo liligunduliwa 1982. MYC ni mnyapara: huiambia seli ikue na ijigawe, kisha hutakiwa kunyamaza. Lakini baada ya ajali, MYC inajikuta jirani na swichi ya jeni ya kingamwili, na ndani ya seli B swichi hiyo haizimwi. Mnyapara anapiga kelele mchana na usiku. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba MYC haitoi amri kwa mbali tu. Protini yake hugusana na lile kundi la kuanzisha unakili, na ikizidi, vituo vingi hufunguliwa kupita kiasi na DNA huumia.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kushika katika habari yote. ORC, MCM, PCNA na polimerasi za seli ya Burkitt zinafanya kazi ileile ziliyofundishwa, kwa ustadi uleule wa seli ya mtoto mwenye afya. Zimeshikwa na mnyapara asiyelala na zimebebeshwa mdandiaji.

Ukitazama kipande cha uvimbe huu chini ya hadubini utaona uwanja wa seli za rangi ya buluu nzito, zimebanana bila nafasi. Hapa na pale pana tundu jeupe. Ni seli walaji zinazosafisha maiti za seli zilizokufa kwa kukimbizwa mno. Wanapatholojia duniani kote huita picha hiyo anga lenye nyota, na aliyewahi kulala nje Koboko usiku usio na mwezi hahitaji kuelezwa zaidi. Kuna pia rangi maalumu inayoonyesha seli zilizo katika mbio za kugawanyika, ikifuata protini iitwayo Ki-67. Herufi Ki ni za mji wa Kiel, Ujerumani, ilikogunduliwa. 67 ni namba ya kishimo cha sahani ya maabara. Katika Burkitt, karibu kila seli hushika rangi hiyo.

Je, wajua kwamba kati ya 1972 na 1974 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu kwa ajili ya swali moja? Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani wenye makao Lyon, Ufaransa, ukiongozwa katika kazi hii na Guy de Thé, ulitaka kujua kama virusi vilitangulia uvimbe au vilikuja baadaye kama nzi kwenye kidonda. Njia ya kujua ilikuwa kuchukua damu ya watoto wazima, kuihifadhi, kisha kungoja. Hiyo ilikuwa Uganda ya Idi Amin, na kazi iliendelea. Matokeo yalitoka 1978: watoto 14 waliokuwa wametolewa damu walikuwa wameugua, na waliokuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi hivyo kabla ya kuugua walikuwa na hatari kubwa mara 30 hivi kuliko wenzao. Virusi vilitangulia. Kila mzazi aliyemshika mwanawe mkono siku ile achomwe sindano ana sehemu yake katika jibu hilo.

Mwisho, dawa. Kasi inayoifanya saratani hii iue upesi ndiyo pia inayoifanya itibike, maana dawa zake nyingi hupiga seli inayonakili DNA au inayogawanyika. Siklofosfamidi huzifunga nyuzi mbili za DNA zisifumuliwe. Methotreksati hukausha malighafi ya herufi, polimerasi ikabaki bila cha kuandikia. Vinkristini, inayotoka kwenye ua dogo la Madagaska linalopandwa hata kwenye nyua za Afrika Mashariki, huzuia kromosomu zisivutwe kwenda pande mbili. Miaka ya 1960 Burkitt aliona mavimbe makubwa yakinywea baada ya dozi chache tu, na mwaka 1967 Mulago ikapata kituo cha tiba ya limfoma chini ya John Ziegler, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Seli hufa kwa wingi hivi kwamba taka zake zinaweza kuziba figo, kwa hiyo mtoto huongezewa maji mengi kwanza. Palipo na huduma kamili, watoto kama 9 kati ya 10 hupona.

Basi, mzazi wa Arua, Koboko na popote penye malaria: mtoto akivimba taya au tumbo, uvimbe ukikua kwa siku na si kwa miezi, au meno yakicheza kabla ya wakati, usikubali ang'olewe jino tu na kurudishwa nyumbani. Usingoje mavuno wala mwisho wa mwezi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, omba kipande cha uvimbe kipimwe, na umwambie daktari tarehe uliyouona uvimbe kwa mara ya kwanza.